Ska si rege iliyoharakishwa: jibu kwa mcharaza gitaa wa Arusha

Swali: "Shikamoo mzee. Mimi ni mcharaza gitaa katika bendi ya vijana watano hapa Arusha. Tunapiga rege hotelini na kwenye sherehe. Juzi mpiga besi wetu alileta nyimbo za ska tukaanza kubishana. Yeye anasema ska ni rege ambayo Wazungu wa panki waliichukua wakaiharakisha. Mimi sikubaliani naye ila hoja sina. Na hao panki, watu wa kelele na nywele zilizosimama, rege waliipata wapi? Tungependa pia kuipiga ska jukwaani. Tuanzie wapi?"

Marahaba. Mpiga besi wenu kaipindua historia miguu juu kichwa chini, lakini simlaumu. Huku kwetu wengi tuliijua rege kwanza, kupitia kanda za Bob Marley, na ska tukaja kuisikia baadaye kwa bendi za Uingereza na Marekani, ikiwa imeshapita mikono mingi. Mtu akifahamiana na mjukuu kwanza, siku akiletewa babu atamwona babu ndiye mgeni.

Mpangilio wenyewe ni huu. Ska ilichipuka Jamaika mwishoni mwa miaka ya 1950, ikashika kasi wakati kisiwa kinapata uhuru, Agosti 6, 1962. Mwaka 1966 ikapunguzwa mwendo ikaitwa roksteadi. Mwaka 1968 ikazaliwa rege. Panki ilikuja baada ya hayo yote, New York na London, kati ya 1974 na 1976. Kibao kilichowatoa Bob Marley na wenzake wa The Wailers, "Simmer Down", kilitamba Jamaika mwaka 1964. Kilirekodiwa Studio One, Kingston, na ni ska tupu, wapulizaji walio nyuma yake wakiwa wale waliokuja kujulikana kama Skatalites. Mpigieni huyo bwana wimbo huo, halafu mwulizeni mwaka.

Tarehe peke yake lakini hazielezi kwa nini. Nikiitazama historia hii naona mara mbili imegeuzwa na shida ileile ya kawaida kabisa: mtu amesimama mbele ya umati, anapiga santuri, na santuri alizonazo hazitoshi. Mara ya kwanza ilikuwa Kingston, mara ya pili London.

Kingston ya miaka ya 1950 mtu wa kipato cha chini hakuingia kwenye hoteli ambako bendi za jazi zilitumbuiza watalii. Burudani yake ilikuwa uwanja wa wazi, maboksi ya spika yanayomzidi mtu kimo, na dijei anayebadilisha santuri za weusi wa Marekani, R&B ile ya New Orleans yenye piano na saksafoni. Mtambo wote pamoja na watu wake uliitwa saundi sistemu, na mwenye mtambo alikula kiingilio na mauzo ya vinywaji. Vigogo wawili walikuwa Duke Reid na Clement Dodd. Reid alikuwa askari polisi mstaafu, mke wake akiwa na duka la pombe, na mtambo wake aliubeba kwenye lori la Trojan; watu wakambandika jina la lori. Dodd, ambaye wote walimwita Coxsone, alikwenda Marekani kukata miwa akarudi na furushi la santuri.

Vita yao ilikuwa ya santuri, maana wateja walimfuata mwenye wimbo. Walikuwa wakikwangua lebo ili mpinzani asisome jina la wimbo wala la msanii. Coxsone alikuwa na kibao kimoja cha saksafoni alichokifanya kitambulisho cha mtambo wake, akakibatiza "Coxsone Hop". Jina lake halisi lilikuwa "Later for the Gator", cha Willis Jackson. Reid alikisaka mpaka akakipata, akakipiga hadharani, na siri ikawa imeishia hapo.

Kisha chemchemi ikakauka. Mwishoni mwa muongo ule Wamarekani waligeukia rokenroli, na wachezaji wa Kingston hawakuitaka. Santuri mpya zenye ladha waliyoizoea zikaadimika. Basi wenye mitambo wakaanza kuwaingiza wanamuziki wa nyumbani studio, mwanzoni si kwa ajili ya kuuza bali kupata nyimbo za kupiga kwenye mitambo yao wenyewe. Wanamuziki wakajaribu kuiga R&B. Rosco Gordon wa Memphis alikuwa na namna ya kuipapasa piano akitilia mkazo katikati ya hesabu. Wajamaika wakaukazia mkazo ule mpaka ukawa ndio wimbo wenyewe. Walikuwa na masikio tayari, kwa sababu muziki wao wa kijijini, mento, nao banjo yake iliupenda upande huo.

Wa tatu katika vita ile, Prince Buster, ndiye aliyethubutu zaidi. Mwaka 1960 alirekodi "Oh Carolina" ya Folkes Brothers, na nyuma akaweka ngoma za Count Ossie na Marasta wake, watu ambao wakubwa wa Kingston hawakutaka hata kuwaona barabarani. Ngoma hizo huitwa nyabingi. Jina hilo lina asili ya huku kwetu, mpakani mwa Uganda na Rwanda, kwenye ibada iliyogeuka uasi dhidi ya wakoloni. Waingereza walimkamata kiongozi wake mmoja, mwanamke aliyeitwa Muhumusa, mwaka 1911. Lakini msije mkajivuna kupita kiasi: lilifika Jamaika kwa njia ya magazeti miaka ya 1930, si kwa ngoma kuvuka bahari.

Na wapulizaji wazuri namna ile walitoka wapi? Wengi walitoka Alpha, shule ya watawa wa Kikatoliki iliyolea wavulana maskini na watukutu, na iliyokuwa na bendi kali ya matarumbeta. Tommy McCook, Johnny Moore, Lester Sterling na Don Drummond, wote wa Skatalites, walipita hapo. Skatalites yenyewe ilidumu kama mwaka mmoja tu, 1964 hadi 1965. Drummond, mpuliza tromboni ambaye kwangu hajapata mpinzani, alikamatwa Januari 1965 kwa kifo cha mpenzi wake, mnenguaji aliyejulikana kama Margarita, akafia hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1969.

Sasa chukua gitaa, maana hoja uliyoniomba iko mkononi zaidi kuliko vitabuni.

Hesabu moja-na-mbili-na-tatu-na-nne-na, mwendo wa haraka kiasi. Katika ska gitaa linagonga kwenye "na" peke yake, mara nne, kifupi. Vidole vya kushoto vinaachia papo hapo ili nyuzi zife. Besi inatembea juu ya namba zote, moja, mbili, tatu, nne, kama besi ya jazi. Dramu la mguu na fimbo ya mkono vinakutana kwenye mbili na nne. Shikeni hapo mpaka pakae. Halafu punguzeni mwendo, mkaribie nusu, bila kubadili hesabu. Gitaa bado liko kwenye "na". Dramu bado inaangukia mbili na nne, na huo ndio mdundo ambao wapiga rege huuita wandropu, ambao mpiga dramu wenu anaupiga kila wikiendi. Mifupa ni ileile.

Kilichohama ni besi. Roksteadi iliipa nafasi kwa sababu mwendo umepungua: badala ya kutembea, besi inasema maneno machache kisha inanyamaza, na mara nyingi inanyamaza pale kwenye moja ambapo kila mtu anaitegemea. Wapulizaji wakapungua, waimbaji watatu watatu wakashika mbele. Rege ikaongeza kinanda kinachotafuna katikati ya gitaa, na mwaka 1968 Toots na The Maytals wakaitaja kwenye jina la wimbo, "Do the Reggay". Kwa hiyo anayesema ska ni rege iliyoharakishwa, mwambie aharakishe rege yoyote aone kama besi itaanza kutembea yenyewe. Haitatembea. Ile besi ya kutembea ni alama ya mzazi, imetoka kwenye jazi na R&B, na rege iliiacha njiani.

Tuje London. Wajamaika walianza kuhamia Uingereza kwa wingi baada ya meli ya Empire Windrush kutia nanga Tilbury mwezi Juni 1948. Walikaa Brixton na Notting Hill huko London, Handsworth huko Birmingham, wengine Coventry kwenye viwanda vya magari, na mitambo yao ya spika ikawafuata. Mwaka 1964 binti wa Kijamaika, Millie Small, aliifikisha "My Boy Lollipop" nafasi ya pili Uingereza na Marekani. Mwaka 1968 ikaanzishwa London lebo ya Trojan, yaani kampuni ya kutoa santuri, jina likiwa lilelile la lori la Duke Reid. Mwaka uliofuata "Israelites" ya Desmond Dekker ilishika namba moja Uingereza, ikisukumwa kwa sehemu kubwa na vijana wa Kizungu wa vibarua walionyoa vipara. Mtoto aliyeusikia wimbo ule akiwa na miaka kumi alikuwa kijana wa kumi na nane mwaka 1977. Hao ndio panki. Paul Simonon, mpiga besi wa The Clash, bendi ya panki ya London, amekulia kwa sehemu Brixton, na alipokuwa anajifunza besi alijifunzia kwenye rege.

Kimuziki panki na rege ni paka na panya. Ramones wa New York, ambao albamu yao ya kwanza ya 1976 ina nyimbo 14 na haifiki nusu saa, walikuwa na mcharaza gitaa, Johnny, ambaye mkono wake ulishuka tu, haukupanda, akijaza kila nafasi ya hesabu bila kupumua. Rege inaishi kwenye nafasi ambazo hazikujazwa. Ukikaa na karatasi ukapanga, huwezi kuwaoza hawa wawili.

Ila waliozwa, na hapa ndipo kisa cha santuri kinajirudia. Mwishoni mwa 1976 bwana mmoja aitwaye Andy Czezowski aliamua kufungua klabu ya panki Covent Garden, ikiitwa Roxy. Alikuwa mhasibu wa duka la nguo la Acme Attractions, barabara ya King's Road, na muuzaji wa duka lile alikuwa Don Letts, kijana aliyezaliwa London kwa wazazi wa Kijamaika. Akamwomba awe dijei. Tatizo ni kwamba panki ilikuwa bado haina santuri. Ya kwanza ya Waingereza, "New Rose" ya The Damned, ilitoka Oktoba 22, 1976, "Anarchy in the U.K." ya Sex Pistols ilifuata Novemba 26. Utakeshaje na hizo? Bendi zikipumzika, Letts akapiga alichokuwa nacho nyumbani: rege na dabu nzito ya Kingston, yaani rege iliyopunguzwa sauti za waimbaji ikabaki zaidi besi na dramu. Roxy ya awali haikumaliza miezi minne ya 1977, lakini waliopita pale ni kizazi kizima cha panki, na wote walitoka na besi ile masikioni.

Wangeweza kuichukia. Hawakuichukia kwa sababu ilikuwa inasimulia mambo waliyoyajua: askari, ukosefu wa kazi, serikali isiyowaona. Agosti 30, 1976, kanivali ya Wakaribi huko Notting Hill iliishia kwenye mapambano na polisi, na Simonon na Joe Strummer wa The Clash walikuwa katikati yake. Msimu huohuo "Police and Thieves" ya Junior Murvin, iliyotengenezwa na Lee Perry kwenye studio yake ya Black Ark, ilikuwa inapigwa kila kona ya mitaa ile. The Clash wakaiweka kwenye albamu yao ya kwanza, 1977. Isikilizeni kwa makini, kwa sababu hawakujifanya Wajamaika. Gitaa moja linapiga juu ya hesabu, jingine katikati, na wimbo unafika dakika sita katika albamu ambayo nyingi za wenzake hazifiki tatu. Unasikia watu wanaojifunza kunyamaza. Lee Perry mwenyewe akaja kuwatengenezea "Complete Control" mwaka uleule. Naye Bob Marley, aliyekuwa London baada ya kupigwa risasi nyumbani kwake Kingston mwezi Desemba 1976, akarekodi na Perry "Punky Reggae Party", ambayo Uingereza iliwekwa upande wa pili wa "Jamming". Heshima ilikwenda na kurudi.

Msidhani ilikuwa undugu mtupu. Mwezi Agosti 1976 Eric Clapton, mcharaza gitaa wa Kiingereza aliyefika namba moja Marekani kwa kuimba "I Shot the Sheriff" ya Marley, alisimama jukwaani Birmingham akatoa maneno ya kutaka wageni waondolewe Uingereza. Kwa hasira ya maneno yale ikaanzishwa harakati ya Rock Against Racism, yaani roki dhidi ya ubaguzi wa rangi, na Aprili 30, 1978 maelfu kwa maelfu waliandamana kutoka Trafalgar Square hadi Victoria Park kuwasikiliza The Clash, X-Ray Spex na Steel Pulse, bendi ya rege ya Handsworth. Sehemu ya wale vipara waliokuwa wakicheza rege mwaka 1969 ilikuwa imeshaingia kwenye chama cha kibaguzi cha National Front, na baadaye walikuwa wakivamia maonyesho ya bendi za ska zenye weusi na weupe jukwaa moja.

Bendi hizo ndizo mpiga besi wenu anazichanganya. Mwaka 1979 Jerry Dammers, mpapasa kinanda wa The Specials wa Coventry, alianzisha lebo ya 2 Tone, yenye alama ya miraba myeusi na myeupe. Walichukua ska ya zamani, wakaitia kasi na uchungu wa panki. Wimbo wao wa kwanza, "Gangsters", umejengwa juu ya "Al Capone" ya Prince Buster. Madness walichukua jina lao kwenye wimbo wa Buster huyohuyo. Je, ni Wazungu waliochukua? Neville Staple na Lynval Golding wa Specials wamezaliwa Jamaika. Halafu kuna Rico Rodriguez. Huyu alisoma Alpha, Don Drummond akawa mmoja wa waliomfundisha tromboni. Alikaa na Marasta wa Count Ossie, akahamia Uingereza mwaka 1961. Mwaka 1967 alipuliza kwenye "Rudy, a Message to You" ya Dandy Livingstone. Mwaka 1979 Specials walipoamua kuurudia wimbo ule walimtafuta Rico, na tromboni unayoisikia kwenye toleo lao ni ya mtu yuleyule. Chezeni matoleo hayo mawili yakifuatana. Kama ni wizi, basi walioibiwa walikuwa ndani ya nyumba wakisaidia kubeba.

Kwa upande wangu bendi inayonishangaza kuliko zote iko Washington. Bad Brains ni vijana wanne weusi walioanza mwaka 1976 wakipiga jazi ya mchanganyiko, wakahamia panki, jina wakilichukua kwenye wimbo wa Ramones, kisha wakashika Urasta. Wakawa wanapiga panki ya kasi kuliko Mzungu yeyote wa wakati wao, "Pay to Cum" ya 1980 haimalizi dakika mbili, halafu ghafla wanasimama na kupiga rege ya polepole. Hawakuzichanganya ndani ya wimbo mmoja kama walivyofanya Waingereza. Waliziweka bega kwa bega wakaziacha zigombane. Kabla hamjaamua kuchanganya, wasikilizeni hawa.

Ya California sitakaa nayo sana: Operation Ivy wa Berkeley, 1987 hadi 1989, kisha No Doubt na wengine waliotajirika miaka ya 1990. Hapo gitaa limetiwa mkwaruzo na kibwagizo kinapigwa kipanki kabisa, na nadhani hizo ndizo nyimbo zilizoletwa mazoezini kwenu. Ni ska iliyoharakishwa, kweli. Ila walioiharakisha waliikuta tayari.

Kuhusu jukwaa. Msianze na wewe, anzeni na yeye mbishi: mpiga besi ajifunze kutembea, noti nne kwa kila hesabu ya moja hadi nne, bila kuruka hata moja, maana mkono wake umezoea rege ya kuachia. Wewe gitaa lako lisiwe na mkwaruzo wowote, piga nyuzi tatu nyembamba tu, na mkono wa kulia uende juu na chini muda wote hata pale usipogusa nyuzi. Ukiusimamisha mkono utaanza kuchelewa. Wapulizaji hamna, lakini Arusha hamjakosa pa kuwatafuta. Makanisa ya Kilutheri huko kaskazini yana bendi za matarumbeta, na humo wamo vijana wanaosoma noti vizuri na hawajawahi kuulizwa kama wangependa kupiga kitu kingine. Ombeni ruhusa kwa wakubwa wao kwanza. Mmoja wa tarumbeta na mmoja wa tromboni wanatosha. Mwendo msiukimbize mpaka nyimbo nne zimekaa, na ya tano iwe mojawapo ya rege mnazozipiga sasa, irudisheni kwenye ska kwa kuongeza mwendo na kubadili besi peke yake, wengine wote wabaki walipo.